Uhakiki wa Mwalimu Kihiyo Aliyesinzia

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme, ni juzijuzi tu, flashi zilipokuwa zimeshatufikia na umeme bado ukikatika, alikuwako Korogwe mwalimu wa jiografia aliyeitwa Kihiyo. Asubuhi alifundisha mito na milima. Jioni alihakiki filamu za kigeni katika jarida moja dogo liitwalo Pazia, linalosomwa na wapenda sinema wachache, dada yake akiwa mmojawapo. Filamu za mabomu hakuzigusa. Yeye alihakiki zile ambazo mzee hutazama dirisha nusu saa nzima, akikohoa kwa lugha isiyojulikana. Tena alivaa skafu shingoni, Korogwe hapa, mwezi wa pili! Alijua kwamba watu wanamcheka, ila skafu alishaizoea.

Na alikuwa na siri. Ikifika dakika ya ishirini ya filamu yoyote aliyoipania, Kihiyo husinzia. Alishasinzia katika filamu za nchi kumi na nne. Akizinduka huandika kwamba filamu ina "utulivu wa kina," na wasomaji hutikisa kichwa kwa kukubali. Msimcheke sana. Mimi ninayewasimulia nimewahi kuandika uhakiki, na ninajua ninachosema.

Siku moja akapata flashi yenye filamu kutoka nchi ya baridi, mbali huko. Haikuwa na maandishi ya tafsiri, si ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Televisheni yake ilikuwa imeungua, basi akaenda kwenye banda la video la Mbelwa, saa nane mchana, wakati banda huwa karibu tupu.

"Mbelwa, niwekee hii."

"Ina ngumi, Mwalimu?"

"Ina viazi."

Mbelwa akaipindua flashi mkononi. "Nitaiweka kwa kuwa ulinifundisha. Lakini filamu haipiti bandani kwangu bila kutafsiriwa. Watu watasema nimefulia."

Mbelwa alikuwa mtafsiri anayesifika mpaka Mombo. Lugha ya kigeni hakuijua hata moja, na jambo hilo halikuwahi kumzuia. Akashika maikrofoni.

Filamu ikaanza. Bibi kizee, theluji, jiko. Bibi akamenya viazi. Bibi akamwambia mbuzi wake maneno mawili matatu. Mbelwa akapaza sauti: "Usihofu, mbuzi wangu! Steringi yuko njiani! Mwanangu wa pekee anakuja na bunduki mbili!" Steringi, kwa msioingia mabandani, ndiye shujaa wa filamu, na bandani kila mtu anajua kwamba steringi hafi.

Watazamaji watano waliokuwamo wakazingoja hizo bunduki. Wakangoja, wakachoka, wakaondoka. Akabaki Mama Mbwana, muuza vitumbua, aliyekuwa amefuata hotpoti lake tu. Akasema atakaa kidogo. Akakaa kidogo, akakaa tena. Saa mbili zikapita hivyo: Kihiyo akilala, Mbelwa akitafsiri, Mama Mbwana akitazama.

Kihiyo alizinduka majina yakipanda kwenye skrini. Akajifuta mdomo, akauliza kwa sauti ya ualimu, kana kwamba anampima: "Enhe, Mama Mbwana, wewe umeielewaje?"

"Mbelwa muongo," akasema Mama Mbwana. "Huyo steringi haji. Keshakufa. Yule mama kila akila anaweka sahani mbili, na ya pili anaifuta wakati haijaguswa. Mtu anayekuja hufunikiwa chakula, Mwalimu. Huyu anawekewa sahani tupu." Akabeba hotpoti lake, akaenda zake.

Kihiyo akarudi nyumbani, akaandika. Akafuta, akaandika, akafuta. Mara ya tisa akaandika hivi: "Mama huyu haweki sahani ili mwanawe arudi. Anaiweka ili asiondoke mara ya pili." Akaisoma, akalia, na kulia kulimshangaza, maana filamu yenyewe hakuiona.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua. Mwanafunzi mmoja wa nchi ile, aliyekuwa akijifunza Kiswahili, aliufasiri uhakiki ule, ukamfikia Bi Ilka, mwanamke aliyeitengeneza filamu. Barua yake ilisema:

"Wahakiki wa kwetu waliandika kwamba viazi ni serikali na mbuzi ni kanisa. Hakuna aliyejua kwamba yule ni mama yangu mzazi. Kaka yangu alifia mgodini, na nyumbani hatumtaji. Hata ndani ya filamu hatajwi. Mama amesomewa uhakiki wako, na ile sentensi ya sahani aliomba irudiwe. Halafu akalitamka jina la kaka, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Sasa ana miaka themanini na saba, na anataka kumshika mkono aliyemwona mwanawe. Tuna nafasi ya mgeni mmoja, safari na malazi. Kwenye fomu iliyomo humu, andika jina la aliyemwona."

Jamani, Kihiyo aliitamani safari ile! Kwa filamu ameizunguka dunia, dakika ishirini ishirini, lakini kwa miguu yake hajavuka Segera. Akachukua kalamu. Akaandika K. Kalamu ikamgomea. Akakaa na ile K mpaka chai ikapoa, kisha akaenda bandani, akamwita na Mama Mbwana, akawasomea barua yote. Akakiri pia kwamba alilala.

"Hilo tunalijua," alisema Mbelwa. "Ulikuwa unakoroma, nikakutafsiri kuwa ni dubu."

Kisha Mbelwa akadai haki yake. "Barua inasema hatajwi ndani ya filamu. Sasa nani alimtaja? Mimi! Bila uongo wangu mngemenya viazi mpaka mwisho msijue kwamba nyumba ile ina mtoto."

"Ulimpa bunduki mbili, Mbelwa."

"Nilimpa. Lakini kwanza nilimwita, na nyote mkageuka kumtazama."

Kihiyo naye akadai yake, akiwa ameiinamia skafu. "Nililala, sikatai, na ninaona aibu. Lakini bibi yule hakusomewa maneno ya maikrofoni, wala ya Mama Mbwana. Alisomewa yangu. Hayo ndiyo yaliyomfungua mdomo. Niliyatafuta mara tisa, na sikuyaiba kwa mtu."

Wakamgeukia Mama Mbwana. Alikuwa anafunga na kufungua kifuniko cha hotpoti.

"Mimi nilimzika Mbwana mwaka ule wa kipindupindu," akasema. "Mpaka leo mnaniita kwa jina lake, na hakuna anayeniuliza alikuwaje. Miezi sita niliweka sahani mbili. Kwa hiyo msinisingizie kwamba nilimwona mtoto wa yule mama. Nilimwona wangu." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Ila kama kuna mtu anayetaka kumshika mkono yule mama kuliko mimi, na aseme, nimsikie."

Mbelwa alizima maikrofoni ambayo haikuwa imewashwa. Kihiyo akaiweka fomu juu ya benchi, na hakuna aliyeigusa.

Basi, wenzangu, posta inafungwa saa kumi na nusu, na sasa ni saa kumi. Mmoja alimtaja kwa kudanganya. Mmoja alimtambua kwa kumlilia mwingine. Mmoja alimwandika akiwa hakumtazama. Nafasi ni moja, na huko kwenye theluji bibi wa miaka themanini na saba amekwisha kunyoosha mkono. K inaweza kufutwa, wino wenyewe hafifu. Shikeni kalamu nyinyi, mniambie: je, nani alimwona?