Jiwe la Jumbe Limeshiba

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa gani hiyo, kama kuku mwenye mafua? Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya. Asiyeniamini ainuke sasa hivi akalale. Shule niliiacha mapema, lakini ninayowaambia leo mwalimu wenu hayajui. Bisha uone!

Hapo kale, kale hasa, njaa iliingia kijijini hapa. Mtama ukaisha. Lakini kila asubuhi mawe ya kusagia yalilia. Krra, krra, krra! Wanawake walisaga mawe matupu, jirani asijue kwamba ndani hamna kitu. Aibu, jamani!

Alikuwepo mzee mmoja, Bibi Sikudhani. Mjukuu wake alilala mkekani, hana nguvu hata ya kulia. Bibi akakaa mlangoni, akasikiliza. Nyumba hii, krra, krra. Nyumba ile, krra, krra. Kwa Jumbe Makolela: shwaa, shwaa, shwaa.

Bibi akashika fimbo. Huyoo, mpaka uani kwa Jumbe.

"Jumbe, una mtama."

"Mimi? Tunasaga jiwe tupu kama nyinyi."

"Jiwe lako limeshiba."

Jumbe akacheka, kha-kha-kha! Akaingia ndani, akalifuta jiwe kwa kitambaa, akalitoa nje. Watu wakajaa.

"Mke wangu, saga wasikie. Na wewe bibi kizee, ukikosea unahama kijiji hiki, wewe na hicho kijukuu chako."

"Nitahama. Na nikipatia?"

"Ghala langu ni lenu!"

"Mmemsikia, jamani? Saga, mwanangu."

Mke wa Jumbe akasaga jiwe tupu. Krra, krra.

"Si mmesikia?" watu wakanong'ona. "Sawa na yetu. Bibi, omba radhi!"

"Siombi. Saga upesi." Krra-krra-krra. "Saga polepole." Krraa... krraa...

Bibi akagonga fimbo chini.

"Msisikilize nguvu, wala haraka. Sikilizeni jiwe lenyewe! Yetu yanakwaruza, makavu kama koo la mwenye kiu. Hili linakwaruza huku limefumba mdomo. Lina unga kwenye vishimo vyake."

"Mwongo!" Jumbe akafoka.

Bibi akaliinua jiwe la juu, akaligeuza, akalipiga fimbo. Pu! Unga ukamwagika, mweupe, juu ya miguu ya Jumbe. Pu! Mwingine.

Watu wote, mbio, ghalani! Jioni ile kijiji kizima kililia shwaa, shwaa, shwaa, na yule mjukuu akalia kwa sauti, akidai uji wa pili.

Basi jueni: ukishiba kwa siri katikati ya wenye njaa, hata jiwe lako litakusema. Hadithi yangu naitua hapo.

Nini? Mnanitazama nini? Haya, kuna kipande nimekiruka. Huyo Makolela ndiye babu wa babu yangu. Chekeni! Nami nikicheka, kha-kha-kha, vikongwe wa kwetu hugeuka: "Makolela huyo!" Sauti yake nimerithi. Ghala sikurithi. Mlilila nyinyi na babu zenu.