Kanga Juu ya Stuli

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kiu akanywe maji kabisa, maana nikianza sirudii. Sina hadithi ya kulalia. Nina kesi, imenishinda miaka mingi, ndiyo maana naitembeza kwa watu wenye akili kunizidi. Tutaona leo kama wapo.

Huko milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila hodi, palikuwa na hospitali yenye wodi moja ya wanawake. Humo alilazwa Nanzia. Alikuwa na miaka thelathini, na tangu azaliwe hakuwahi kutamka neno. Hakupenda kuguswa, hakupenda kelele, na chakula alikila kwenye sahani moja tu ya bati, ya kijani. Alikuwa na kanga moja kuukuu, iliyofuliwa mpaka jina lake likafutika, hata ungeinua juani usingesoma herufi.

Wenzake katika kesi hii ni watatu, na kila mmoja alikuwa na chake. Mbonea, kaka yake, alikuwa na kumbukumbu: alimjua dada yake kama mtu anavyoijua njia ya kisimani. Mama Kiondo, mfagiaji wa wodi, alikuwa na macho. Na Sista Eliwaza, muuguzi, alikuwa na subira, kitu ambacho pale kilikuwa adimu kuliko dawa.

Nanzia aliletwa Jumatatu, akiwa hajala siku tatu. Hakulia wala hakujishika popote. Alikaa amejikunja, akiguna sauti moja ile ile kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Daktari aliponyoosha mkono ampime tumbo, alijitupa ukutani. Mbonea akaambiwa mwanaume hakai wodi ya wanawake, akaenda kusubiri getini.

Jumanne asubuhi Nanzia alishuka kitandani, akaenda moja kwa moja kitanda cha nne. Hapo palikuwa na bibi mmoja mwenye utani mwingi, anasubiri ruhusa ya kurudi kwake. Nanzia akamfunika kanga yake kuanzia miguuni mpaka usoni, taratibu, mnajua wenyewe watu gani hufunikwa hivyo. Bibi akaifunua, akacheka. "Mwanangu, mbona waniharakisha?" Saa sita mchana alikuwa amekufa.

Jumatano akalifunika friji la dawa. Lilikuwa likinguruma vizuri tu. Jioni likazima, na fundi aliyeitwa alikuna kichwa akaondoka.

Basi wodi ikanyamaza. Wodi ya wanawake hainyamazi hata akiingia daktari, lakini siku hiyo ulisikia matone ya dripu. Na Alhamisi, watu wanatoka kunywa chai, wakaikuta kanga imening'inia juu ya kioo kilichokuwa kando ya beseni la kunawia, kioo pekee cha wodi nzima. Kwao hao, nyumba ikifunikwa kioo ni nyumba yenye msiba. Mwanamke wa kitanda cha saba akahesabu kwa vidole nani na nani alikuwa amejitazama pale asubuhi ile. Walikuwa wote.

Matroni akaja mbio. "Huyu homa yake ndogo, halii, hasemi panapouma. Achomwe sindano ya usingizi, kesho arudi kwao. Wagonjwa wangu watatoroka."

Msimchukie matroni, aliogopa kama wengine. Ila niwaambie wasilolijua wao: kidole tumbo cha Nanzia kilikuwa kimeanza kuoza. Angerudi nyumbani Ijumaa, Jumapili wangekuwa makaburini.

Sikilizeni sasa nani alifanya nini.

Sista Eliwaza alitoka mpaka getini, akamkuta Mbonea ameloa ukungu, kajifunga koti la watu. Akamwuliza, "Kaka, dada yako anafunika nini?"

Mbonea akatazama chini. "Nikisema, mtamwita mchawi. Kijiji cha kwanza nilisema, wakatuvunjia nyumba."

"Sema hivyo hivyo."

"Anafunika kinachoumwa, Sista. Alimfunika kuku, kumbe ana kideri. Alifunika redio, kumbe betri zimekwisha. Hauleti yeye ugonjwa. Anausikia tu, sijui anausikiaje." Siri aliyoitunza miaka kumi na tano ilikuwa imemtoka kwa mtu asiyemjua.

Eliwaza akarudi na neno hilo, akalisema mbele ya daktari na matroni. Matroni akauliza, "Sawa, na kioo kinaumwa nini?"

Aliyejibu ni Mama Kiondo, anapiga deki pembeni. Mfagiaji haongei daktari akipita, hiyo ni sheria hata kama haikuandikwa, na matroni alimkumbusha palepale kwamba sakafu haijakauka. Mama Kiondo akaegemeza fagio ukutani.

"Nilimwona akikitundikia kanga. Alijitazama kwanza, muda mrefu. Akasogea kando, akakichungulia kioo yeye hayumo, akaiteremsha kanga, hakukifunika. Akarudi mbele, akajiona. Ndipo akafunika. Kioo ni kizima. Anayeumwa ni huyo anayemwona humo ndani."

Kisha akaenda kuitoa ile kanga, kwa mikono yake, wakati wenzake wote hawakuthubutu kuisogelea. Anasema mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Labda ni maji baridi.

Sista Eliwaza alikuwa na barua moja ya onyo tayari, na ya pili ni kufukuzwa. Alikuwa na wazazi wanaomtegemea. Akairudisha sindano kwenye sinia. Akamwingiza Mbonea wodini mchana kweupe. Akakifungua kioo ukutani kwa kisu cha mezani, akakiegemeza miguuni pa kitanda, kikimtazama Nanzia. Akamwekea kanga karibu, akavuta stuli, akakaa.

Mbonea aliwafundisha masharti: pasiwe na anayeongea, pasiwe na anayesimama nyuma yake, na sahani ya kijani iwekwe mahali anapoiona. Walikaa kwa zamu kwenye stuli ile. Eliwaza akiitwa kwa wagonjwa, alikaa Mama Kiondo. Mama Kiondo akirudi kwenye ndoo, alikaa Mbonea. Saa nne, saa sita, saa nane. Ukungu ukaingia madirishani hadi vitanda vya mwisho havikuonekana, na ile sauti ya Nanzia ikaendelea tu.

Kwenye saa tisa ikakatika.

Nanzia alikuwa akimtazama mwanamke wa kwenye kioo. Wapo wanaoapa kwamba yule wa kwenye kioo aliinamisha kichwa kabla yake. Mimi sikuwepo, siapi. Ila hili wote wamekubaliana: alichukua kanga, akaikunja, akaikunja tena, ikawa kama kiganja. Akaiweka kwenye kioo, sehemu ya chini, tumboni pa yule mwanamke, upande wa kulia. Akaishikilia pale.

"Hapo," akasema Mbonea, na machozi yakamtoka.

Alipasuliwa kabla jua halijazama. Daktari alisema wangechelewa siku moja angekuwa ameitwa kuandika cheti cha kifo.

Wiki mbili baadaye Nanzia akaruhusiwa. Barua ya pili ya onyo haikuandikwa, matroni mwenyewe alikuja kumuaga Nanzia. Wodi nzima ikasema, huyu binti ana kitu kimoja tu duniani, na kwa desturi yetu shukrani ya mwanamke ni kanga, tuone atampa nani. Wale watatu wakasimama kando ya kitanda. Nanzia akaichukua kanga yake. Akampita kaka. Akampita Mama Kiondo. Akampita Sista. Akaifunika stuli, yote, mpaka miguuni, akatoka kwenda getini bila kugeuka.

Mwanzoni ilikuwa heshima. Mbonea akasema ni ya Sista, Sista akasema ni ya Mama Kiondo, Mama Kiondo akasema aliyemlea ndiye mwenyewe. Wakacheka. Ndipo mwanamke wa kitanda cha saba akauliza swali ambalo heri asingeuliza:

"Mbonea, huyu dada yako amewahi kufunika kitu kizima?"

Mbonea akaipitia kichwani miaka yote thelathini, siku baada ya siku. Hakukipata hata kimoja.

Stuli haiumwi. Huumwa anayeikalia, na walioikalia ni watatu. Mtaniambia wapimwe. Walipimwa, wote, na daktari hakuona kitu. Lakini hata kwa Nanzia hakuona kitu. Na kanga ya kupewa husomwa jina ukajua umeambiwa nini, ila hii jina limekwenda na sabuni.

Ikakaa pale juma zima, Mama Kiondo akipiga deki kuizunguka. Mwisho wakakubaliana aamue mtu wa nje.

Basi amueni. Kama ni shukrani, ni ya nani? Aliyetoa siri iliyowahi kumvunjia nyumba? Aliyeona, akasema, na yeye alitakiwa kufagia? Au aliyekaa, na kukaa kwenyewe kungemfukuzisha kazi? Toa mmoja, Nanzia amekufa. Na kama ni taarifa ya ugonjwa, nani aipokee, awahi kutibiwa angali mzima? Maana huyo naye atakuwa ameokolewa, na hao wengine wawili hawatajua kamwe kama waliokuwa wakiambiwa ni wao.

Wote watatu wako hai hadi leo. Wanangoja.

Je, wewe ungeamua vipi? Usinijibu ukiwa mbali. Kanga ninayo, hii hapa mfukoni mwangu, nimeibeba kutoka kule. Atakayejibu aje aishike kwanza, kisha aniambie nimpelekee nani.