Kilo Tatu za Luhende

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi kuoa na sungura kuwa hakimu, bali zamani ya karibu iliyokwisha kuwa na mihuri na fomu za nakala tatu, palikuwa na bondia katika kijiji cha Mwalogela, nchi ya pamba. Jina lake Luhende. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mtaulizwa, na mimi jibu sina.

Luhende alikuwa mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Nyanzobe. Nyanzobe hakuupenda mchezo wa ngumi hata kidogo, lakini ukipenda boga utapenda na ua lake. Alimfulia mwanawe bukta, akamchemshia maziwa, akanyamaza.

Kocha wa Luhende alikuwa Maduhu, mpiganaji wa zamani aliyebakiwa na pua iliyolala upande mmoja na imani moja tu duniani: nguvu. Ufundi, alisema, ni wa watu wasioweza kubeba. Kila asubuhi alimpeleka kijana kwenye kituo cha kununulia pamba, palipokuwa na magunia yaliyoshindiliwa.

"Beba!" Luhende akabeba.

"Rudisha!" Akarudisha.

"Beba tena!" Akabeba tena.

Kituoni palikuwa na mizani ya saa, yenye uso wa duara na mshale, imetundikwa kwenye boriti, na ndoana chini yake. Wakati wa mauzo ndoana ilibeba pamba. Mauzo yakiisha ilimbeba Luhende. Aliishika kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia kama mbuzi buchani, na karani wa mizani, Shilinde, akamsomea mshale.

"Ngapi?" Maduhu akauliza mwezi wa kwanza.

"Sitini."

"Ngapi?" akauliza mwezi wa pili.

"Sitini na mbili."

"Ngapi?" akauliza wiki ya mwisho.

"Sitini na tatu na nusu."

"Pale pale!" Maduhu akapiga makofi. Uzito ulioandikwa kwenye fomu ya mashindano ya mkoa ulikuwa kilo sitini na tatu na nusu, usizidi hata punje, na mshindi angeingia timu ya mkoa, jambo ambalo halijapata kumtokea mtu wa Mwalogela.

Nyanzobe peke yake ndiye aliyeguna. Mashati ya mwanawe yalikuwa yanakataa vifungo. "Kocha," akasema, "shingo hii imeishinda kola. Hajazidi kweli?"

"Mama Luhende, hiyo ni nguvu. Ukiwa na shaka, mizani ile pale."

Sasa kuna jambo. Mizani ile ilikuwa inaiba. Mshale wake ulianzia kilo tatu nyuma ya sifuri, na kila mkulima aliyetundika gunia aliziacha kilo tatu pale, kama mtu anavyoacha viatu mlangoni. Mwalogela nzima ilijua. Maduhu alijua, Luhende alijua, Nyanzobe alijua. Ndiyo maana kila nyumba iliilaza pamba yake kwenye umande kabla ya kuipeleka, ilowe na kuongezeka uzito, ili mwizi akutane na mwizi mwenzake. Lakini mizani ya pamba huiba pamba. Nani angefikiri kwamba itaiba na mtu?

Shilinde alifikiri. Tutamfikia.

Siku ya mashindano wakaenda mjini wote wanne: Luhende, Maduhu, Shilinde aliyekwenda kushangilia, na Nyanzobe na kidumu chake cha maji. Saa nne asubuhi Luhende akapanda mizani mbele ya Bwana Kivugo, katibu wa kamati ya ndondi ya mkoa, mtu nadhifu aliyebeba mihuri miwili kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu.

"Sitini na sita na nusu," akasoma Kivugo.

"Rudia, mkubwa," Maduhu akasema.

Akarudia. Sitini na sita na nusu.

Nyanzobe akamtazama Shilinde. Shilinde alikuwa anatazama kucha zake.

"Kanuni inampa hadi saa nane," Kivugo akasema. "Arudi na uzito wake, au arudi kwao."

"Basi apigane na wa uzito wa juu," Maduhu akasema.

"Inaruhusiwa kabisa. Ajaze fomu ya kubadili uzito."

"Tupe fomu."

"Fomu ipo kabatini. Kabati limefungwa. Mwenye ufunguo yuko kwenye semina."

"Semina ya nini?" Nyanzobe akauliza.

"Ya kurahisisha huduma, mama."

Basi wakamtoa kijana juani nyuma ya ukumbi. Wakamvika mifuko ya nailoni, juu yake sweta mbili, wakampa kamba.

"Ruka!" Akaruka.

"Tema mate!" Akatema.

"Ruka tena!" Akaruka tena, hadi mate yakakosekana, na midomo ikawa na rangi ya jivu.

"Mama," akasema, "maji."

Maduhu akageuka. "Mama Luhende, hata tone moja, tumekwisha."

Nyanzobe akamtazama mwanawe. Akakumbuka asubuhi zote zile, beba, rudisha, beba tena. Akakisogeza kidumu nyuma ya mgongo, akakifunika kwa kanga.

"Bado kidogo, baba. Ukishapima."

"Tone tu, mama."

"Bado kidogo."

Saa nane mshale ukasimama kwenye sitini na tatu na nusu. Kivugo akagonga muhuri. "Mmeona?" akasema. "Kanuni zinawezekana."

Hapo Nyanzobe akamnywesha. Alikunywa, akatapika, akanywa, akatapika. Saa kumi alipanda ulingoni. Raundi ya kwanza alisimama, raundi ya pili alisimama, raundi ya tatu ikaja ngumi ya kichwa, ngumi ya kawaida ambayo juzi yake angeicheka. Akakaa chini kama mtu aliyechoka. Halafu akalala. Kesho yake adhuhuri, hospitalini, akafariki. Daktari alisema kichwa kilichokauka maji hakihimili kipigo.

Baada ya arobaini Mtendaji wa kijiji akapokea fomu. Alikuwa mtu mwema, na aliziheshimu fomu kama wengine wanavyowaheshimu wakwe. Mama mzazi alitakiwa kujaza mstari mmoja: "Jina la aliyesababisha kifo (moja tu)." Atakayeandikwa ataondolewa kazini mwake, asiiguse kazi hiyo tena maisha yake yote, na waliobaki wataendelea na shughuli zao. Chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: nafasi ikiachwa wazi, itahesabiwa kwamba marehemu alijisababishia. Mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa, saa tisa na nusu.

Ijumaa Mtendaji akawaita wote ofisini. Nyanzobe akaja na kidumu chake. Tangu siku ile hakwenda popote bila kukijaza.

Maduhu akaanza. "Mama Luhende, ukiniandika mimi sitakata rufaa. Kilo zile nilimpa mimi. Lakini macho yangu yaliona mtoto amekua, mizani ikasema hajakua, nami nikaamini chuma. Kosa langu ni kuamini."

"Kuamini mizani ya Mwalogela!" Mtendaji akaropoka, kisha akakohoa kama mtu aliyepaliwa.

Shilinde akasimama. "Mama, ukiniandika mimi, ujue mshale ule sikuupinda. Niliukuta umepinda, nikaambiwa soma, nikasoma. Nilimwona akining'inia, nikajua. Mara mbili nilifungua mdomo. Lakini kumwambia yeye aongeze tatu ni kuwaambia wakulima wote waongeze tatu, tangu msimu wangu wa kwanza. Nisingefika jioni. Nina watoto watano, mama." Akafuta jasho. "Na ninyi nyote mlijua. Aliyeniuliza ni nani?"

Bwana Kivugo alikuja na barua yake ya wito, imekunjwa vizuri. "Mama, ukiniandika mimi utakuwa umeandika kanuni, na kanuni haina jina. Katika habari hii yote, mizani iliyosema kweli ni moja tu, nayo ni yangu."

"Ukampa na masaa manne ya kuifia hiyo kweli," Maduhu akasema.

"Masaa manne yapo kwenye kifungu cha tisa. Ningempa matatu, hapo ningekuwa na kosa."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Ulirudi Jumatatu."

Ndipo Shilinde, akitazama sakafu, akasema kwa sauti ndogo: "Na maji alimwomba nani?"

"Nyamaza, mpunguza watu wewe!" Maduhu akamkemea. Lakini neno lilikwisha kutoka, na hakuna anayelirudisha neno kwa kukemea.

Nyanzobe akashika kalamu. Ilikuwa imefungwa mezani kwa kamba, isiibiwe. Akafikiri. Akimwandika Maduhu, mizani itabaki ikining'inia. Akimwandika Shilinde, ataletwa karani mwingine, asome mshale ule ule. Akimwandika Kivugo, mihuri itahamia mfuko mwingine. Akijiandika mwenyewe, yeye hana kazi ya kuondolewa. Alikuwa na moja tu, umama, na hiyo imekwisha kuondoka. Na akiacha wazi, anayebeba ni Luhende, ambaye naye alikua akiilaza pamba kwenye umande, akijua vizuri mizani ile ni ya namna gani.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Kidumu kilikuwa kando ya mguu wa meza, kimejaa, hakijafunguliwa.

"Mama," Mtendaji akasema kwa upole, "ofisi inafungwa."

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, na wengine wenu nawajua, pamba yenu nayo iko kwenye umande. Kalamu ile pale, kamba yake inafika. Je, mstari ule ulistahili jina la nani?