Kikohozi cha Sakristia

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana projekta ilikuwapo ila ilikuwa haiwaki, palikuwa na usharika mmoja huko mlimani, penye migomba na baridi. Jina lake silitaji, nina shemeji pale. Usharika huo ulikuwa na kwaya nzuri, matarumbeta mabovu, na sakristia, kile chumba cha nyuma ya madhabahu ambamo mchungaji huvalia kanzu. Sakristia ilikuwa na mlango wa mninga, mzito, uliotolewa na Mzee Ndelilio, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mzee huyo alikuwa mtoaji. Alitoa mlango, akatoa mabati ya paa, mwishowe akatoa na binti yake, akaolewa na Mchungaji Aminiel. Kwa hiyo mchungaji alihubiri chini ya bati la mkwewe, akavaa kanzu nyuma ya mlango wa mkwewe, na akirudi nyumbani alikula chakula cha binti wa mkwewe.

Sasa, pale palikuwa na desturi. Kila Jumamosi watoto wa kipaimara, wale wanaojiandaa kushiriki meza ya Bwana, walisikilizwa katekisimu. Walisikilizwa ndani ya sakristia, mmoja mmoja, na Mzee Ndelilio, mlango umefungwa. Aliyemaliza alitoka akaenda zake kukata majani ya ng'ombe. Ukiuliza kwa nini mlango ufungwe, uliambiwa ndivyo walivyosikilizwa baba zao. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na watu wazima na akili zao waliridhika nalo.

Na pale palikuwa na kikohozi. Kila Jumamosi mtoto mmoja akishaingia, waliobaki nje kwenye benchi walianza kukohoa. Walikohoa kwa zamu, walikohoa kwa pamoja, mpaka mwenzao atoke. Mama Aikande, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mama mwenye nguvu za kubeba gunia na sauti ya kulizungumzia gunia hilo wiki nzima, alitangaza kwamba ni vumbi la sakafu likichanganyika na baridi. Akina mama wakachemsha tangawizi. Sufuria ikawekwa kando ya benchi kila Jumamosi. Watoto wakanywa, wakashukuru, wakaendelea kukohoa.

Basi siku moja likaja agizo la Askofu: kila usharika uwe na sera ya ulinzi wa watoto. Sera yenyewe haikuwa ngumu. Kiini chake ni kwamba mtu mzima asikae na mtoto peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Ingeweza kuanza siku hiyohiyo, kabla ya chai. Lakini Askofu alikuwa mtu wa utaratibu, akaongeza kwamba lisifanyike jambo lolote kabla wadau wote hawajatoa maoni. Kazi ya kuyakusanya akapewa Mwinjilisti Elisaria, ambaye aliwahi kuhudhuria semina na tangu hapo hakupona.

Elisaria akaanza na wazee wa kanisa. Mzee Ndelilio alifungua kikao kwa sala ndefu, kisha akasema sera ni nzuri sana, isipokuwa sakristia ni mahali patakatifu, na mlango wa mahali patakatifu hufungwa. Wazee wakaafiki. Elisaria akayaandika maoni kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani, wakanywa chai.

Akaenda kwa kwaya. Kwaya ikasema sera ni nzuri sana, isipokuwa mwalimu wa kwaya anahitaji faragha na wale wanaopotea sauti. Akabandika, wakanywa chai.

Akaenda kwa matarumbeta. Wakasema sera ni nzuri sana, isipokuwa chumba chao kikiachwa wazi majirani watarusha mawe. Hao angalau walisema ukweli. Akabandika, wakanywa chai.

Akaenda kwa umoja wa wanawake. Mama Aikande akasimama, akasema sera ni nzuri sana kwa watoto wa mjini, isipokuwa haki ya mama kumfinya mtoto anayesinzia wakati wa mahubiri isiguswe na mtu. Na kama Askofu anawajali watoto kweli, alete tangawizi. Makofi yalipigwa hadi ndege wakaruka juu ya paa. Akabandika, wakanywa chai.

Akaenda hata kwa kamati ya makaburi. Wale wakajadiliana, wakasema wadau wao hawana pingamizi. Akabandika, wakanywa chai.

Masika ikaja ikapita, ndizi zikakomaa zikakatwa, na ukuta wa ofisi ukajaa karatasi mpaka picha ya Mwokozi ikahamishiwa stoo. Sera ikawa na isipokuwa nyingi kuliko sera. Na kila Jumamosi mlango ulifungwa, na kikohozi kikaanza. Hakuna aliyekuwa na haraka, labda mtoto mmoja tu.

Mtoto huyo aliitwa Haika, msichana wa darasa la saba, aliyekuwa akilelewa na Mama Aikande, shangazi yake. Haika ndiye aliyekuwa na kikohozi kikubwa kuliko wote, kikohozi cha mzee wa ugoro. Ijumaa moja alimwambia shangazi yake kwamba hataki tena kipaimara. Mama Aikande akamfinya, akamwambia awe na adabu, gauni jeupe limeshashonwa na ukoo mzima umeshaalikwa. Kesho yake Haika akaenda.

Baada ya kuwamaliza walio hai na wanaowakilisha wafu, Elisaria akagundua jambo. Katika mwongozo wa Askofu, chini kabisa, wametajwa na watoto. Basi Jumamosi moja akawahi kwenye benchi kabla Mzee hajafika, akawauliza watoto wana maoni gani kuhusu sera. Watoto wakatazama viatu vyao. Akawauliza wana mapendekezo gani. Wakatazama viatu vyake. Maswali ya semina yakamwishia, akabaki na la kibinadamu: hiki kikohozi chenu kinatoka wapi?

Haika ndiye aliyejibu.

"Hatuumwi, Mwinjilisti. Tunakohoa ili Mzee ajue tuko hapa nje. Tukinyamaza, humshika mwenzetu mkono na hamwachii, halafu humwambia asimwambie mama."

Hapo mimi nawe tungetegemea Elisaria ainuke afanye jambo. Yeye aliwashukuru watoto kwa maoni mazuri, akasema atayawasilisha kwenye baraza la wazee, kikao kijacho. Na mwenyekiti wa baraza hilo ni nani? Ni Mzee Ndelilio. Nikifika hapa huwa napandwa na hasira, nivumilieni.

Sasa nyuma yao alikuwa amesimama Mama Aikande na sufuria yake ya tangawizi. Alikuwa amesikia yote. Akaitua sufuria chini polepole, asiseme neno, na wanaomjua wakaogopa. Akaingia stoo, akampisha Mwokozi aliyeegemezwa ukutani, akatoka na nyundo na patasi. Akazing'oa bawaba za ule mlango, akauinua, akautoa nje.

Mzee Ndelilio akafika, Biblia kwapani, akakuta uwazi. Akauliza mlango wake uko wapi.

"Nimeuazima, Mzee," alisema Mama Aikande. "Na wewe humo hutaingia tena ukiwa na mtoto, nikiwa hai."

Nyundo ilikuwa bado mkononi. Mzee akageuka, akaenda kushtaki kwa mkwewe.

Mchungaji Aminiel alimsikiliza mkwewe, akamsikiliza Mama Aikande, akawasikiliza watoto. Kisha akajifungia na mkewe, na watu walimsikia mke akilia. Jumapili akapanda madhabahuni, mahubiri aliyoyaandaa akayaacha mfukoni. Akatamka mbele ya usharika mzima kwamba Mzee Ndelilio si mzee wa kanisa tena, akaeleza kwa nini, na akasema sera inaanza leo, bila isipokuwa hata moja. Baada ya ibada akaongozana na watoto na wazazi wao mpaka polisi, wakatoa maelezo, na Mzee akaitwa kujibu. Ukoo wa Mzee ukahama kanisa, ukatishia kuja na ngazi kuchukua mabati yao. Mke wa mchungaji akamwekea mumewe chakula mezani bila kumsemesha, kwa muda ambao mchungaji mpaka leo hapendi kuutaja.

Ikafika siku ya kipaimara. Askofu akaja, akawawekea watoto mikono, wote wakapita, na Haika katika gauni lake jeupe. Kisha watu wakatoka uwanjani kula. Huko walikuwa wameandaa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa na majani mabichi mdomoni, kama ilivyo ada ya mlimani. Na meza yenyewe ilikuwa nini? Ulikuwa ni ule mlango wa mninga, umelazwa juu ya matofali. Mama Aikande alikuwa ameshasema haurudi ukutani.

Na ada ya ndafu mnaijua. Hakuna anayeonja mpaka mheshimiwa wa siku akate kipande cha kwanza. Kisu akapewa Askofu, lakini Askofu akataka kuonyesha unyenyekevu. Akasema kisu hiki si chake, ni cha yule aliyewalinda watoto wa usharika huu, ajitokeze. Alidhani ni jambo la dakika moja, maskini.

Elisaria akajitokeza. Akasema yeye ndiye aliyeuliza. Angeishia kwa wakubwa kama wengine wanavyofanya, mpaka leo wangekuwa wanachemsha tangawizi. Watu wakaguna kwamba ni kweli. Kisha mtu akamkumbusha kwamba aliwauliza makaburi kabla ya kuwauliza watoto, na alipojibiwa akakimbilia kikao. Elisaria akarudi nyuma.

Mama Aikande akajitokeza. Akasema, "Hawa walikuwa na maoni, mimi nilikuwa na nyundo." Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa amemwona Haika akijishika mkono, pale alipofinywa siku ile. Machozi yakamtoka, akarudi nyuma.

Mchungaji Aminiel akajitokeza. Akasema wengine wote hawakupoteza kitu. Yeye amepoteza mkwe, amepoteza amani ya nyumba, na huenda mvua ijayo imkute bila paa. Watu wakamhurumia. Ndipo Mama Aikande, machozi yakiwa bado shavuni, akamkumbusha kwamba ofisi yake na sakristia zinatenganishwa na ukuta mmoja. Kikohozi alikisikia kila Jumamosi, miaka yote hiyo, na kilipozidi aliongeza sauti ya redio. Mchungaji hakukana. Akarudi nyuma.

Askofu akakohoa kidogo ili aseme kwamba agizo, hata hivyo, lilitoka kwake. Watu wote wakamgeukia kwa kile kikohozi. Akakumbuka aliandika lisifanyike jambo lolote, akaghairi.

Basi mtu mmoja katikati ya watu akapaza sauti kwamba kisu apewe Haika. Lo, watu walivyofurahi! Wale watatu waliojitokeza walipiga makofi, Askofu naye akapiga, maana hapo kila mtu aliona aibu yake inafunikwa na gauni jeupe la mtoto. Haika akasukumwa mbele. Askofu akainama, akamnyooshea kisu kwa upande wa mpini.

Haika hakukipokea.

"Baba Askofu," alisema, "wenzangu wote walikuwa na mtu wa kuwakoholea. Mimi walinitaka nje kwa sababu nakohoa kwa nguvu, kwa hiyo siku zote niliingia wa mwisho. Nikiingia, wao wameshakwenda kukata majani. Nilipokuwa ndani mimi, nani alikuwa anakohoa nje?"

Akarudi kukaa na wenzake, nao wakasogea wakampa nafasi katikati.

Mbuzi akapoa, mafuta yakaganda juu ya mninga, na Askofu akabaki ameinama na kisu chake. Mimi niliondoka wangali wamesimama, na njaa ilikuwa inaniuma.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mmewaona wote. Yupo aliyeuliza akiwa amechelewa. Yupo aliyeng'oa mlango kwa mkono uleule uliofinya. Yupo aliyesema mbele ya watu baada ya kunyamaza miaka. Na yupo aliyewakoholea wenzake, na kisu hakitaki. Atakayesema tuunde kamati, nitamwitia Mama Aikande. Mbuzi lazima akatwe, watoto wana njaa.

Je, nani alistahili kukishika kisu kile?