Tulifika Jumatatu

"Safari hupimwa kwa wa nyuma," Bibi Nampombe aliwaambia vijana wa kwaya walioingia jikoni mwa kanisa kudai chai, wakijisifu kwamba wametoka bondeni kwa miguu na kufika kabla ya wote. Mwenzao mmoja mwenye mguu mbovu alikuwa bado yuko njiani peke yake. Wakamwuliza usemi huo ameutoa wapi. Bibi akawapa karai la maharage wachambue, maana hakupenda kuwasimulia watu wenye mikono mitupu, kisha akawaambia kwamba usemi huo ulianza hivi.

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda hii milima yetu ya Upare, kijijini hapa hapakuwa na mchungaji. Palikuwa na mwalimu mmoja tu, aliyewafundisha watu neno la Mungu katika banda la nyasi. Mchungaji alifika mara moja kwa mwaka katika misheni iliyoko upande wa pili wa milima, wakati wa Pentekoste, na aliyetaka kubatizwa ilimpasa amfuate huko. Ni mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye miguu mizuri.

Mwaka mmoja wanafunzi wa ubatizo walikuwa tisa. Mwalimu alishikwa na homa, akashindwa kusafiri, akamkabidhi barua na msafara mwanamke aliyeitwa Naetwe. Hakuna aliyeshangaa. Naetwe alikuwa mjane wa miaka kama arobaini, mwepesi wa kila jambo. Jembe lake ndilo lililotangulia kugusa udongo mvua zikianza. Amri kumi alizishika kwa siku moja, na wenzake walipokuwa bado wanahangaika na ya tano yeye alikuwa ameshamaliza Imani na Baba Yetu. Alikuwa amengoja siku hiyo kwa miaka mitatu. Aliamini kwamba maji yakimgusa kichwani, ule uzito uliomkaa kifuani tangu mumewe afariki utaondoka, na furaha itaingia mahali pake isitoke tena.

Wa tisa katika msafara huo alikuwa mzee Senkoro.

Waliondoka Alhamisi alfajiri, na kabla jua halijachomoza mzee alikuwa ameshawasimamisha mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesahau fimbo. Mara ya pili alikuwa amesahau kigoda, kwa sababu, alisema, mtu wa umri wake haketi chini kama kuku. Kwa hiyo wakawa na kigoda, na kwa kuwa mzee hakuweza kukibeba, kikabebwa kwa zamu. Kila walipopita nyumba ya mtu, mzee aliingia kusalimu. Naye hakuwa mtu wa salamu za juu juu. Aliuliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza mgomba ulioanguka mwaka wa juzi. Akionjeshwa togwa, alikaa. Njiani aliimba, na kila wimbo aliuanza kwa sauti ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuifuata.

"Naetwe, mwanangu," aliuliza walipokuwa wakipanda mlima wa kwanza, "huko mbinguni kuna ugoro?"

"Sijui, baba."

"Mwalimu hakusema?"

"Hakusema. Tutembee."

"Ni jambo la kuuliza mapema," mzee alisema, akasimama ili alifikirie vizuri.

Ijumaa jioni, wakati ambao walipaswa kuwa misheni wakinawa miguu, walikuwa bado wamebakiza nusu siku ya mwendo. Wakalala kwa wenyeji. Naetwe alikuwa ameuma meno siku nzima hata mataya yakamwuma.

Jumamosi asubuhi walipofika penye njia panda, mzee Senkoro akashika njia isiyokuwa yao.

"Baba, njia ni hii," Naetwe alisema.

"Najua. Mimi nina shughuli na mtu hapo chini."

"Shughuli gani?"

"Ya zamani. Si ndefu."

Naetwe alisimama akamtazama mzee yule aliyeinamia fimbo yake, mwenye vumbi la ugoro puani, na subira yake yote ikaisha kama maji katika mtungi uliotoboka. Akamwambia kwamba tangu Alhamisi watu wanane wanatembea kwa miguu ya mtu mmoja. Akamwambia kwamba mchungaji hakai, kwamba yeye amengoja miaka mitatu, na kwamba anayetaka kubatizwa hujulikana kwa mwendo wake. Mzee alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa.

"Umesema kweli," alisema. "Basi tangulieni. Nitawakuta."

Naetwe akakichukua kigoda kutoka kwa aliyekuwa anakibeba, akakiweka chini mbele ya mzee, akaondoka. Wenzake wakamfuata. Hakugeuka nyuma. Akawaongoza kwa mwendo wake mwenyewe, na alasiri, jua likiwa bado juu, wakaingia misheni.

Mchungaji Elinihaki alitoka kuwapokea. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye viatu vilivyokwisha visigino, na alionekana kuchoka kuliko wao. Akaisoma barua ya mwalimu akiwa amesimama, kisha akawahesabu kwa kidole.

"Barua inasema tisa. Wa tisa yuko wapi?"

"Mmoja yuko nyuma, mchungaji," Naetwe alisema.

"Nyuma wapi?"

Naetwe akaeleza. Alianza kwa adabu, lakini alipofika kwenye habari ya kigoda sauti yake ilipanda, na alipofika kwenye habari ya ugoro alikuwa anahesabu makosa ya mzee kwa vidole. Mchungaji hakumkatiza. Alipomaliza, aliikunja barua akaitia mfukoni.

"Nani alikabidhiwa msafara huu?"

"Mimi."

"Basi haujafika. Kesho asubuhi rudi ukamlete."

"Kesho ni Pentekoste, mchungaji."

"Najua siku."

"Na ubatizo?"

"Nitawabatiza tisa. Barua imesema tisa. Nilikuwa niondoke Jumatatu asubuhi, kuna watu wananingoja mahali pengine. Sasa nao watangoja." Alisugua macho yake. "Usidhani nafurahi, mama. Mimi pia nimechoka."

Kwa hiyo Jumapili ya Pentekoste, siku aliyoingoja kwa miaka mitatu, kengele ya misheni ilipolia Naetwe alikuwa anapanda mlima kurudi alikotoka, na sauti za watu wanaoimba zikibaki nyuma yake mpaka zikapotea. Miguu ilikuwa imevimba. Aliomba njiani, ila hayakuwa maombi aliyofundishwa. Alisema, "Bwana, niliambiwa niache pombe ya matambiko, nikaacha. Niliambiwa nisamehe waliogombania shamba la marehemu, nikasamehe. Nilijifunza yote niliyofundishwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba na Senkoro yumo." Akangoja kama atajibiwa. Upepo ukavuma tu kwenye magugu, naye akaendelea kupanda huku akinung'unika.

Penye njia panda akashika njia aliyoishika mzee, na mchana akamkuta mbele ya nyumba moja iliyozungukwa na migomba. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya kigoda chake, alichokikokota mwenyewe hadi hapo, mlango umefungwa. Hakuwa anaimba. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alipomwona Naetwe alijaribu kusimama akashindwa.

"Uko hapa tangu jana?" Naetwe aliuliza.

"Tangu jana. Mke wake alinipa mkeka nikalala zizini kwa mbuzi. Mwenyewe hataki kutoka."

"Nani hataki kutoka?"

"Kajiru. Tulikuwa majirani zamani, kabla wewe hujaolewa kwetu."

Ndipo akamweleza. Mwaka mmoja wa ukame, zamu ya maji ya bwawa ilikuwa ya Kajiru. Senkoro alikwenda kabla hapajapambazuka, akafungua bwawa, akayaelekeza maji yote kwenye mahindi yake. Kajiru alipolalamika, wazee waliwaita wote wawili, na Senkoro akaapa mbele yao kwamba hakugusa bwawa, na kwamba Kajiru ni mwongo mwenye wivu. Yeye alikuwa na ukoo mkubwa, Kajiru alikuwa mtu wa kuja. Akaaminiwa Senkoro. Mahindi ya Kajiru yakakauka, na kabla mwaka haujaisha alihama na mkewe na watoto, akiitwa mwongo hadi na watoto wadogo.

"Mwalimu alisema mtu asilete sadaka wakati ndugu yake ana neno juu yake," mzee alisema. "Nikajiuliza, je, mtu anaweza kumpelekea Mungu kichwa chake na hali ndugu ana neno juu yake? Nikaona haiwezekani."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliona aibu. Nawe ulikuwa na haraka."

Naetwe alisimama. Alikuwa na njaa, alikuwa na hasira, na sasa hakujua hasira hiyo aielekeze wapi. Hakuweza tena kumpa Senkoro yote, na yeye mwenyewe alianza kustahili sehemu. Akauendea mlango akaupiga kwa kiganja.

"Baba Kajiru," alisema. "Mimi naitwa Naetwe. Nimetoka misheni leo asubuhi, na miguu yangu inatoka damu."

Akaupiga tena.

"Baba Kajiru, huyu mzee aliye mlangoni kwako nimekuwa naye tangu Alhamisi. Amenichelewesha, ameniaibisha, na leo amenikosesha Pentekoste. Sijakuja kukuambia kwamba ni mtu mwema. Mimi mwenyewe bado simpendi. Nawe hukuombwa umpende. Umeombwa umsikilize tu, halafu umfukuze ukitaka, nami nitambeba mgongoni nimpeleke nilikoambiwa nimpeleke. Lakini siondoki bila yeye, na yeye haondoki bila wewe, kwa hiyo sote watatu hatuna pa kwenda."

Muda ukapita. Kisha komeo likasogea, na mlangoni akasimama mzee mrefu mwenye jicho moja lenye mtoto wa jicho.

"Aseme," alisema. "Lakini aseme kwa sauti. Siku ile alisema kwa sauti."

Senkoro akashuka kutoka kwenye kigoda. Akapiga magoti kwenye udongo, yeye ambaye haketi chini kama kuku, akasema. Alisema maji yalikuwa ya Kajiru. Alisema bwawa alilifungua yeye kwa mikono yake. Alisema aliapa uongo, na kwamba mwongo alikuwa yeye. Mke wa Kajiru, Nakijwa, alitoka nje na mwiko mkononi akasikiliza, na majirani wawili waliokuwa wakipita wakasimama wakasikia.

Kajiru aliegemea mwimo wa mlango.

"Mahindi nililima mengine," alisema. "Njaa ilipita. Lakini mwanangu mkubwa alikua akijua kwamba baba yake ni mwongo, akafa akijua hivyo. Hilo utalilipaje?"

"Siwezi kulilipa," Senkoro alisema.

"Hapana, huwezi."

Akageuka akaingia ndani. Naetwe alifikiri mambo yameishia hapo, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alimwonea mzee Senkoro huruma. Akainama kumshika mkono amwinue. Lakini Kajiru alitoka tena, akiwa na kata ya uji, akampa Senkoro aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Kunywa," alisema. "Siwezi kusema kwamba yamekwisha. Leo siwezi. Ila kunywa."

Mzee alikunywa uji ule huku machozi yakiingia katani.

Walilala hapo. Jumatatu asubuhi, Senkoro hakuweza kutembea bila kushikwa, na Naetwe peke yake hakuweza kumshika mlimani. Kajiru akawatazama wakihangaika, akasonya, akaenda akauchukua mkono wa pili wa mzee. Wakaenda hivyo, mzee katikati, Naetwe upande huu na Kajiru upande ule, wakisimama kila baada ya hatua chache. Hapakuwa na salamu nyingi njiani wala nyimbo. Mahali pamoja tu Senkoro alimwuliza Kajiru habari za migomba yake, na Kajiru akamjibu.

Walipofika misheni jua lilikuwa linateremka. Naetwe alitarajia kukuta uwanja mtupu. Wale saba walikuwa wameketi mlangoni mwa kanisa, wamekunja nyuso kwa njaa na kungoja, na mchungaji alikuwa katikati yao, mzigo wake wa safari ukiwa umefungwa pembeni. Akainuka akawahesabu kwa kidole, akafika tisa, akamwona na wa kumi asiyemjua. Hakuuliza. Akasema, "Ingieni."

Naetwe alibatizwa wa nane, Senkoro wa tisa. Maji yalipomgusa kichwani alisubiri ile furaha aliyoingoja kwa miaka mitatu, naye akaona maji ni maji, yana baridi. Akarudi nyuma akasimama. Kisha akamwona Senkoro akiinamisha kichwa, magoti yakitetemeka, na nyuma yake Kajiru, ambaye hakuwa Mkristo, amemshika mabega asianguke. Hapo ndipo ilipomjia. Ilianza kama kicheko, akajifunika mdomo kwa khanga, na hata wenzake walipotoka nje alikuwa bado amesimama pale akilia na kucheka. Watu waliomjua wanasema furaha ile haikumtoka tena, hata katika miaka yake mibaya, maana miaka mibaya nayo ilikuwapo. Senkoro aliishi miaka mingine minne, na aliendelea kumchosha.

Naetwe alizeeka, naye akawa kiongozi wa misafara mingi ya ubatizo. Wale aliosafiri nao siku ile walipenda kusimulia habari zao, na kila walipofika mahali pa kusema waliingia misheni lini, walisema Jumamosi, maana ndivyo ilivyokuwa. Naetwe aliwakatiza kila mara.

"Tulifika Jumatatu," alisema.

"Mama, wewe si uliingia Jumamosi, tena ukiwa wa kwanza? Mbona sisi tulikuwa nyuma yako?"

"Jumamosi niliyaona majengo tu," alijibu. "Kufika, tulifika Jumatatu. Safari hupimwa kwa wa nyuma."