Jina la Fundi Viatu

Hapo zamani, katika mji mdogo wa milimani, watu watatu walikutana sebuleni. Nitawataja kwa majina kamili, maana jina ndilo lililoleta msiba. Alikuwapo Bi. Mashavu binti Shekue, mwenye nyumba. Alikuwapo Bwana Zakaria Mhina Lugendo, mhariri na mpiga chapa. Alikuwapo Bwana Hemedi Kupaza, mwandishi wa riwaya, ambaye vitabu vyake viwili viliwaudhi wakubwa na cha tatu kikawakasirisha kabisa. Hakuwapo Saguti bin Mgaza, fundi viatu, mume wa Bi. Mashavu. Yeye alikuwa gerezani, anakohoa.

Hemedi alipokuwa mwanafunzi, Saguti alimshonea viatu bure, akimtania, "Ukiwa mkubwa uniweke kitabuni. Hata mlangoni nitakaa."

Hemedi hakusahau. Katika riwaya ya tatu alibadili majina ya watu wote aliowajua, ila hilo moja. Alimwachia Saguti jina lake, kama zawadi. Lakini Saguti wa kitabuni alificha risasi za waasi ndani ya soli za viatu.

Saguti mwenyewe hakujua kusoma. Mkewe, aliyehitimu kisomo cha watu wazima, alimsomea barazani. Ukurasa wa risasi aliuruka.

Askari wakaja, wakauliza, "Wewe ndiye Saguti wa kitabuni?"

Fundi akafuta gundi mikononi. "Ndiye mimi hasa! Karibuni, kaeni. Mmesoma mpaka wapi?"

Wakamchukua. Hemedi hawakumgusa, kwa kuwa redio za nje zilikuwa zikimtaja. Kisha likaja sharti kutoka kwa wakubwa: aje mtu mmoja akiri kwamba kosa ni lake, Saguti atatoka. Atakayekuja atabaki.

"Nakwenda mimi," alisema Hemedi. "Mimi niliandika."

"Keti, bwana," alisema Zakaria. "Mimi nilikuuliza, 'Huyu mtu yupo?' Ukajibu yupo, tena atafurahi. Nikacheka, nikapiga chapa. Mhariri kazi yake ni kukataa, nami sikukataa. Isitoshe, watu wanangoja riwaya yako ya nne."

"Wao wanangoja riwaya," alisema Bi. Mashavu, "mimi namngoja mume. Ninyi mlikuwa mbali. Ningemsomea ukurasa ule, angewaambia askari, 'Huyo si mimi.' Niliuruka kwa sababu alikuwa anacheka, nami sikutaka anyamaze. Nakwenda mimi."

"Mama, akitoka asikukute, atarudi kwa nani?" aliuliza Hemedi.

"Na ukifungwa wewe, mwanangu Hemedi, nitamwambia nini? Kwamba yule mtoto aliyemshonea viatu amekwenda kulala mahali pake?"

Zakaria akavaa kofia. Hemedi akamshika mkono. Bi. Mashavu akawatangulia wote wawili, akasimama mlangoni, asipite mtu.

Basi, ninyi mnaosikiliza, amueni. Mmoja aliliandika jina. Mmoja aliliona akaliacha lipite. Mmoja alijua lilichobebeshwa, akanyamaza kwa mapenzi. Kila mmoja alitaka kwenda, na kila mmoja aliwazuia wenzake. Je, nani alistahili kwenda?

Jibuni taratibu, hakuna haraka. Saguti bin Mgaza alifariki gerezani alasiri hiyo, wao wakiwa bado mlangoni.