Shokapu Mpya za Matano

Katika Soweto yote ya Mbeya hakuna anayeyajua magari kunishinda mimi. Kuendesha sijawahi, na mlango wa gari mpaka leo nafunguliwa, maana kila gari limeficha kitasa chake mahali pake. Lakini kuyajua nayajua, hasa yale yanayopita mbele ya kibaraza changu, mwenye gari akiwa ndani.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Wengi hudhani maana yake ni kwamba mwongo hafiki. Anafika sana. Hufika mapema kuliko wenzake, ila hufika mahali asipopataka, tena mbele za watu. Mwenye shaka na asikie habari za Matano, muuza mchele.

Matano alikuwa mtu mzima wa makamo, mjane, mwenye kanzu safi na tumbo la heshima. Alikuwa na Crown nyeusi ya zamani, gari la fahari, ndefu na ya kung'aa, viti vyake vya ngozi laini kama shavu la mtoto. Juu lilikuwa bwana harusi. Chini lilikuwa ajuza. Kwenye kona liliegama kama mlevi anayetafuta ukuta, na likivuka tuta moja liliendelea kuinama na kuinuka mpaka likute tuta la pili. Vijana wa Soweto walisema gari la Matano lina adabu, linaitikia salamu za kila mtu.

Haya yote yasingemdhuru kama si Naima. Naima alikuwa mshona mapazia wa Mlandege, mjini Iringa, mwanamke mpole mwenye kicheko cha karibu, na Matano alimpenda mpaka mchele akawa anaupima kwa makosa. Naima naye alimpenda. Tatizo lilikuwa moja: alikuwa mtoto pekee wa Bi Batuli, na aliapa kwamba haolewi Mbeya akamwacha mama yake nyuma. Naye Bi Batuli alikuwa na mgongo mbovu. Safari moja tu ya sokoni katika Crown ile ilikuwa imemlaza kitandani mpaka mwezi ukaandama.

"Mwanangu Matano," alimwambia siku posa ilipoletwa, "wewe sikukatai. Nalikataa gari lako. Mgongo ninao mmoja. Litengeneze, lije linibebe kama yai, nami nitahamia huko Mbeya na mwanangu umwoe."

"Hilo dogo, mama. Ijumaa nakuja kuwachukua."

"Ijumaa ipi?"

"Hii inayokuja, inshallah."

Ulimi hauna breki. Matano alirudi Mbeya akalipeleka gari kwa Fundi Anania, ambaye alilala chini ya lile gari kwa muda mrefu hata ikadhaniwa amepitiwa na usingizi. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa.

"Mzee wangu, shokapu zote nne zimekufa. Springi zimelegea, na bushi, zile mpira za katikati, zimekwisha, chuma kinagonga chuma. Tutoe vyote, tuweke vya gari hili hili, halafu tunyooshe magurudumu. Litashika lami kwenye kona kama kupe."

"Kesho litakuwa tayari?"

"Likiwa tayari kesho, ujue sikufanya kitu. Vifaa vinaagizwa Dar."

"Lakini nimeahidi Ijumaa."

"Uliahidi wewe, mzee, mimi sikuwepo."

Hapo ndipo pa kupiga simu Iringa na kusema: mama, gari bado, ningojeni kidogo. Maneno hayo hayana hata mfupa wa kumkwama mtu kooni. Lakini Matano aliona haya, akaona heri atumie ujanja. Nyuma ya gereji nyingine, huko huko Soweto, alikuta springi za pikapu iliyozeeka kwa kubeba saruji. Akazigonga kwa kidole zikalia kama kengele.

"Kama zilibeba saruji," alijiambia, "zitashindwa kumbeba Bi Batuli?"

Akafungiwa springi zile kwa nyuma. Shokapu zilizokufa hazikuguswa, ila zilipakwa rangi ya njano juu ya oili iliyokuwa ikivuja, zikang'aa kama ndizi mbivu. Lilipoteremshwa kwenye jeki, Crown ilisimama mkia juu kama paka anayekunwa kiuno. Matano akaliendesha. Kuegama kulipungua, ni kweli, lakini sasa liliruka. Lilirukia kokoto, lilirukia ufa wa lami, na palipokuwa hapana kitu lilirukia kumbukumbu.

Matano alikata tamaa mpaka alipopakia mchele wa mteja wa Mwanjelwa. Buti lilipojaa, gari likakaa chini, likatulia, likaenda kama maji ndani ya mtungi. Kumbe springi za pikapu zilikuwa zinadai mzigo zilioujua. Matano alicheka peke yake barabarani. Ijumaa alfajiri akajaza buti mchele wa Kyela, akalifunga, akaondoka. Miteremko ya Inyala alishuka kwa raha, Chimala akapita, Makambako akapita, na mpaka anaingia Iringa alikuwa karibu aamini mwenyewe kwamba gari limetengenezwa.

Baada ya sala ya Ijumaa, Bi Batuli alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama anayenunua ng'ombe.

"Zi wapi hizo shokapu?"

"Chungulia hapa, mama, ndani ya gurudumu. Za njano hizo. Mpya, zimetoka Dar, na Fundi Anania amezifunga kwa mkono wake."

"Mashallah, zinapendeza. Haya, nitembeze."

Alipanda na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, kikiwa kimejaa mpaka ukingoni. Wakazunguka Mlandege yote, wakavuka matuta, wakapinda kona, wakarudi. Chai haikumwagika. Bi Batuli aliinywa hapo hapo mlangoni, akampa Naima kikombe.

"Funga mizigo, mwanangu. Tunakwenda Mbeya."

Naima alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Aliingia ndani, na kicheko chake kikasikika mpaka uani.

Majirani wakaja kusaidia kutoa mizigo. Wa mbele alikuwa Esnath, mama wa Kihehe mwenye mikono ya kulima na sauti ya kuita ng'ambo ya pili ya bonde. "Kamwene, mkwe wetu," alimsalimu Matano, na kabla Matano hajaitikia alikwisha fungua buti kuweka begi la Bi Batuli. Akasimama. Kisha akapiga kigelegele.

"Batuli, toka uone. Mkwe amekuja na mchele wa Kyela, buti zima."

Wanawake wakatoka nyumba zote. Desturi ndiyo hiyo: atokaye Mbeya kwenda ukweni haendi mikono mitupu, na zawadi ikishaonwa imekwisha pokelewa.

"Huo mchele si..." Matano alianza.

"Si nini, baba?" aliuliza Bi Batuli. Wanawake wote walikuwa wanamtazama.

"Si mwingi, mama."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie. Ushusheni jamani, kila nyumba ipate chungu chake."

Kila gunia lililotoka, mkia wa gari uliinuka kidogo na moyo wa Matano ukashuka kidogo. Lilipobaki moja akajaribu kulikumbatia.

"Hili labda twende nalo, mama. La kula njiani."

"Utamaliza gunia zima kabla ya Mafinga?" Esnath aliuliza, akalibeba.

Wakaondoka. Matano alishika usukani kama mtu aliyeshika nyoka, akaenda mwendo wa kinyonga. Haikusaidia. Tuta la kwanza, ushungi wa Bi Batuli ulihama. Tuta la pili, kichwa chake kilibisha hodi kwenye paa. Walipoanza kuteremka kwenda Ipogolo, gari lilikuwa linaruka kwenye kila kona kama mbuzi aliyekata kamba, na Bi Batuli amemshika Naima bega.

"Matano, mwanangu. Mchana huu chai yangu haikumwagika humu."

"Ni upepo, mama. Tairi za nyuma zina upepo mwingi."

"Uliingia saa ngapi, na gari lilikuwa mlangoni?"

"Jua, mama. Jua la Iringa huvimbisha upepo."

"Jua la Iringa," alirudia Bi Batuli, akijifunga vizuri sweta lake. Akatazama nje. Naima alimtazama Matano kwenye kioo, lakini Matano alikuwa na shughuli kubwa na barabara.

Walipofika chini, Ipogolo, palikuwa na mama amekaa kando ya barabara kuu na magunia ya viazi.

"Simama hapa, baba," alisema Bi Batuli. Akashuka taratibu, mkono kiunoni. "Mwanangu, niazime viazi vyako. Vinakwenda hapo darajani, vinarudi."

"Viazi vyangu vinakwenda kutembea, mama?"

"Vinakwenda kupima shokapu."

"Basi na mimi nakwenda navyo. Sijawahi kupanda gari la namna hii."

Magunia yakapakiwa. Crown ikakaa chini kwa utii. Bi Batuli akarudi kiti cha nyuma kwa Naima, na mwenye viazi akaketi mbele, karibu na Matano, akishika kila kitu kinachong'aa. Wakaenda mpaka darajani, wakageuza, wakarudi. Gari halikuruka hata mara moja.

"Gari tulivu sana hili, baba," mwenye viazi alimsifu Matano. "Shokapu zake za wapi?"

Matano aliupangusa usukani uliokuwa safi. "Za Dar," alisema. "Mpya."

Bi Batuli alicheka kidogo, cheko la kupitia puani.

"Viazi vyako ni vya wapi, mwanangu?" aliuliza.

"Vya Njombe, mama."

"Basi sikiliza, Matano. Shokapu nilizopanda mwanzo zilitoka Kyela. Hizi za sasa zimetoka Njombe. Hizo za Dar ndizo sijazipanda bado."

Mwenye viazi, asiyejua chochote, aliteremka kwenda kuyashusha magunia yake, na gari likainuka tena mkia juu, likasimama vile hadharani, kando ya barabara kuu. Naima na mama yake nao wakashuka. Naima akatoa begi la mama yake kwenye buti, akaja dirishani kwa Matano. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ungesema bado, Bwana Matano, ningengoja. Mwaka mzima ningengoja."

"Naima, kweli shokapu..."

"Za njano," Naima alisema. Akainua kidole chake. Kilikuwa na rangi ya njano, mbichi, aliyoigusa sasa hivi ndani ya gurudumu. Akampangusia kwenye ukosi wa ile kanzu safi, akamshika mama yake mkono.

Kutoka Mlandege mpaka Ipogolo ni mteremko tu, hata mzee wa fimbo huuona mwisho wake akiwa bado hajachoka. Matano aliyekuwa amewatangazia watu kwamba anampeleka mke Mbeya hakuvuka hata daraja. Njia ya mwongo ni fupi.